Salamu Iliyofika Mwisho

Klaudia alipima maumivu kwa salamu.

Katika chumba cha majeruhi cha hospitali ya misheni, kilimani juu ya barabara ya Muleba, palikuwa na kipimajoto, mizani ya watoto wachanga, na mashine ya kupimia shinikizo la damu ambayo mpira wake ulikuwa umezibwa kwa plasta. Cha kupimia maumivu hakikuwapo. Klaudia alisomea uuguzi Bukoba, kwa masista wa Kizungu, na huko alifundishwa kumwuliza mgonjwa swali moja: unaumwa kiasi gani? Alipoanza kazi aliuliza hivyohivyo, na watu wa Izigo, wa Ngenge na wa visiwani wakamrudishia majibu mawili tu. Vijana walisema "sana," hata kwa kucha iliyong'oka. Wazee walisema "kidogo tu, waitu," hata mfupa ukiwa umetokeza nje ya ngozi. Waitu, neno hilo ambalo Mhaya hulitia mwishoni mwa maneno yake anaposema na mtu wa kuheshimiwa, lilifunika kila kitu kama blanketi.

Basi akaacha kuuliza, akaanza kusalimia. Salamu ya Kihaya haina haraka. Huulizia mchana ulivyokwenda, kisha nyumba, watoto, ng'ombe kama wapo, migomba, majirani, mvua. Kila swali lina jibu lake, na kila jibu hurudisha swali. Klaudia aligundua kwamba maumivu huikata salamu mahali fulani, na mahali hapo hapadanganyi. Aliyekatikia kwenye neno la kwanza alishughulikiwa papo hapo. Aliyefika kwenye watoto aliweza kungoja maji ya kuchemshia sindano. Aliyefika kwenye migomba aliweza kungoja mganga amalize uji wake. Na yule aliyekwenda nayo mpaka kwenye mvua, kisha akamwuliza Klaudia naye ameshindaje, huyo alipewa aspirini na kuonyeshwa benchi.

Mganga wa zamu, Bwana Philbert, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi, alimcheka mwanzoni. Siku moja alimkuta anasalimiana na mtu aliyepigwa pembe na ng'ombe.

"Nesi Klaudia, hapa ni hospitali au kilioni?"

"Kilioni watu hula, Mganga. Hapa hata chai hakuna."

Ilikuwa kweli; miaka ile sukari ilipatikana kwa foleni kwenye duka la ushirika, na mara nyingi foleni ilipatikana bila sukari. Lakini baada ya muda Philbert naye aliuzoea mtindo huo. Akiitwa kutoka wodini, kabla hajaweka kalamu chini aliuliza, "Kafika wapi?" Akijibiwa "kwenye watoto," aliinuka. Akijibiwa "kwenye migomba," aliendelea kuandika.

Nyumbani, salamu hiyohiyo ilikuwa kitu kingine.

Klaudia aliishi Izigo, mwendo mrefu wa miguu kutoka hospitalini, kwenye kibanja ambacho marehemu baba mkwe wake alimwachia mama mkwe: nyumba moja katikati ya migomba na mibuni. Mume wake, Privatus, alikuwa kiwandani Mwanza na aliletwa nyumbani na Krismasi. Aliyetawala kibanja ni mama yake, Alistidia Kokuberwa, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye kijijini hapakuwa na mtu aliyemwona akikimbia au akicheka kwa sauti. Walimwita Ma Kokuberwa. Kwa Klaudia hakuwa na jina. Mke wa mtoto halitaji jina la mama mkwe, humwita Mama, na akilazimika kumtaja kwa watu husema "mama yake Privatus."

Kila jioni Klaudia alipotoka kazini alimkuta amekaa mlangoni. Alivua viatu vyake vyeupe vya kazi, akapiga magoti kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akasalimia. Ma Kokuberwa aliitikia swali baada ya swali, polepole, akitazama migomba. Salamu huanzwa na mdogo lakini huachiwa na mkubwa, na mkubwa asipoiachia mdogo hainuki. Zilikuwapo jioni ambazo Klaudia alikuwa amesimama tangu alfajiri, magoti yanamwaka moto, watoto wanamchungulia kutoka jikoni, naye yuko palepale anajibu habari za mvua.

Kazi ya hospitali mama huyo hakuipenda. Mwanamke wa kugusa waume za watu, alisema. Lakini mshahara ulinunua sare za shule na mafuta ya taa, kwa hiyo hakuikataza. Alichofanya ni kuweka mpaka. Alimwambia Klaudia siku moja, bila hasira, kama mtu anayeonyesha mahali jembe linapowekwa: "Sina neno na kazi yako. Ila siku utakayonivunjia heshima, watoto watabaki kwenye kibanja cha babu yao, na wewe utaondoka na viatu vyako vyeupe."

Klaudia alijua kwamba hayo hayakuwa maneno ya kutishia. Watoto ni wa ukoo wa baba, na ukoo ungekaa ukaamua kabla kahawa haijakauka uani. Aliwahi kuomba uhamisho wa Bukoba, apate chumba kwenye nyumba za wauguzi na awachukue watoto. Akajibiwa kwamba taifa linajengwa vijijini na vijiji vinahitaji wauguzi. Alimwandikia Privatus, Privatus akajibu, mtii Mama. Hivyo alikwenda na kurudi kati ya vilima viwili, asubuhi kwenye chumba chenye nondo dirishani, zilizowekwa kuzuia wezi wa dawa enzi ambazo dawa zilikuwapo, na jioni kwenye mlango ule.

Siku yenyewe ilikuja mwaka wa 1974, mwaka wa vijiji, katika miezi ya mvua. Pwani ya ziwa watu walikuwa wakiambiwa wajenge karibu na barabara, na wale wasio na ardhi ya kutosha waende Ngenge kufungua mashamba mapya. Hospitalini dawa zilikuwa zikipungua kama maji kwenye mtungi uliotoboka: yanaonekana, lakini kila asubuhi yako chini zaidi. Asubuhi hiyo Philbert aliamua kwenda Bukoba mwenyewe na Land Rover, akagombane na watu wa bohari ana kwa ana. Kabla ya kuondoka alifungua kabati la dawa kali akamwonyesha Klaudia. Kilibaki kichupa kimoja cha pethidini, kile kidogo, cha kuwatulizia akina mama wenye uchungu wa kuzaa. Kumgawia mtu nusu yake ilikuwa sawa na kumchoma maji.

Kwa taratibu, muuguzi hakufungua kabati lile bila agizo la mganga, kwa jina la mgonjwa. Philbert alimkabidhi ufunguo na agizo lisilo na jina.

"Ikibidi, mpe anayestahili," alisema, akipanda gari. "Si wewe ndiye mwenye kipimo?"

Kabla ya adhuhuri likaja lori la ushirika na kumshusha kijana wa Bumbire, mvuvi, jina lake Burhani. Taa ya karabai ilikuwa imemlipukia mikononi walipokuwa wakirudi kutoka kuvua dagaa. Mkono wa kulia na upande wa kifua vilikuwa vimebabuka, na shati lilikuwa limeshikamana na nyama. Amevuka ziwa hivyo, amepanda lori hivyo. Hakuwa analia tena; alikuwa anatoa mlio mwembamba usiokatika, kama mlango unaosukumwa na upepo.

Klaudia alikuwa ndiyo kwanza ashike mkasi wa kukatia shati, waliposikika watu wengine barazani. Waliingia wanaume wenye tope hadi magotini, wamebeba machela ya miti na mablanketi. Mbele yao alikuwa Karugendo, balozi wa nyumba kumi upande wao wa Izigo, kofia mkononi. Na juu ya machela, amejifunika shuka yake nyeusi mpaka kidevuni, kitambaa cha kichwa kimekaa sawasawa, alikuwa Ma Kokuberwa.

Karugendo alieleza haraka, kama mtu anayejitetea kabla ya kushtakiwa. Ilikuwa siku ya kazi ya kijiji. Walikuwa wanabeba mawe kutoka mtoni, ya msingi wa shule. Alikuwa amemwambia Ma Kokuberwa kwamba wazee wamesamehewa. Ma Kokuberwa akamjibu kwamba hajawahi kubebewa mzigo wake na mtu na hataanza leo. Akajitwika jiwe. Kwenye mteremko tope likamtelezesha, akaanguka, yeye na jiwe lake. Mimi nilimkataza, alirudia Karugendo, hawa wote ni mashahidi.

Klaudia aliwatazama wagonjwa wake wawili. Alimwinamia kwanza Burhani, akamwuliza kwa Kiswahili habari za Bumbire. Kijana alifungua kinywa aseme nzuri. Neno halikufika mwisho, liligeuka ukelele.

Kisha akamgeukia mama mkwe wake, na kabla hajafikiri lolote magoti yake yalikuwa sakafuni. Yalikwenda yenyewe, kama yalivyokwenda kila jioni. Katikati ya chumba cha majeruhi, ndani ya sare, mkasi mkononi, mbele ya balozi na wabeba mawe, Klaudia alimsalimia mama yake Privatus.

Ma Kokuberwa aliitikia. Mchana ulikwenda vizuri, waitu. Nyumba ilikuwa salama. Aliuliza watoto wameamkaje, watoto aliowapa uji kwa mkono wake mwenyewe asubuhi ileile, na Klaudia akajibu kwamba hawajambo. Waliulizana migomba. Waliulizana majirani, na majirani wenyewe wamesimama pale na machela. Walifika kwenye mvua. Sauti ya mama ilikuwa ileile ya mlangoni, kavu, isiyo na haraka. Mwishoni akamwuliza na yeye ameshindaje na kazi, akamwachia.

Klaudia akainuka na pumzi imeshuka. Ni jambo la aibu kulisema, lakini lilikuwapo: alifurahi. Salamu ilikuwa imefika kwenye mvua. Hakufunua shuka, nani amfunue mama mkwe wake mbele ya wanaume? Aliwaomba waiweke machela juu ya kitanda cha ukutani, akafungua kabati, akakata shingo ya kile kichupa, akavuta dawa yote, akamchoma Burhani.

Dawa ilifanya kazi yake. Ule mlio mwembamba ukakatika, kijana akalegea, na Klaudia akaweza kumvua shati kipande kwa kipande, kuosha na kufunga. Hapo nyuma yake hakusikia kitu, isipokuwa mara moja Karugendo akikohoa. Alipomaliza alinawa mikono, akawaomba wanaume wakae barazani, akaenda kwenye machela na kufunua shuka.

Mguu wa kushoto ulikuwa umelala kando, unyayo umegeukia ukutani, kama kitu ambacho mwenyewe amekisahau hapo. Ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Paja lilikuwa limevimba na ngozi yake inang'aa. Lakini kilichomsimamisha Klaudia ni mkono. Chini ya shuka, mahali ambapo hakuna aliyeuona, mkono wa Ma Kokuberwa ulikuwa umeukamata mti wa machela, na uliukamata tangu mtoni. Gome lilikuwa limebanduka na kuingia kiganjani. Pindo la shuka karibu na kidevu lilikuwa limelowa na kutobolewa kwa meno.

"Mama," alisema, "kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza nini nisiseme?"

"Nilikusalimia."

"Na mimi nikaitikia." Aliongea kwa vipande vifupi, akipumzika kati yake. "Uliniamkia kama mkwe. Nikakuitikia kama mkwe. Ulitaka nikate salamu mbele ya Karugendo, akasimulie kijiji kizima?" Akafumba macho. "Yule wa Bumbire hukumpigia magoti."

Klaudia alitazama sinia. Kichupa kilikuwa pale, kitupu, na shingo yake kando.

Hapakuwa na wa kumpelekea jambo hilo. Philbert alikuwa Bukoba, na kwa barabara ile yenye tope asingerudi kabla ya jioni. Masista wawili wa wodini walikuwa na mama aliyekuwa akijifungua. Na mguu haukuweza kungoja. Ncha za mfupa zilikuwa zinatafuna nyama kila mama alipopumua. Ilibidi uvutwe, unyooke, ufungwe kwenye mbao. Kazi hiyo hufanywa mgonjwa akiwa amelegezwa kwa dawa. Sasa ingefanywa bila dawa, na Klaudia ndiye angeifanya.

Alimpa aspirini. Ma Kokuberwa alizipokea kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopokea buni za kutafuna, kwa adabu, akijua hazishibishi. Klaudia alimzungushia shuka ya hospitali chini ya kwapa na kuifunga kwenye kichwa cha kitanda. Alitaka kumwita Karugendo amsaidie. Mama alikataa kwa macho tu. Klaudia akashika kifundo cha mguu kwa mikono miwili, akaweka unyayo wake kwenye mguu wa kitanda, akavuta.

Mguu haukuja. Ma Kokuberwa alikuwa amekaza meno, shingo, tumbo, kila msuli aliokuwa nao, na paja lilikuwa gumu kama gogo. Klaudia alijua hilo kutoka Bukoba: mwili unaozuia kilio huzuia na mfupa. Anayepiga kelele hutoa pumzi, na pumzi ikitoka msuli huachia. Alivuta tena. Jasho lilimtoka mama kwenye mdomo wa juu, wala hakutoa sauti.

"Lia, Mama. Lia tu, mguu utarudi."

"Nilie mbele ya mke wa mwanangu?"

"Hapa mimi ni nesi."

"Nesi gani anayepiga magoti?"

Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu aliyechoka anayetaka kujua kweli. Klaudia akabaki ameshika ule mguu. Alikuwa na jozi moja ya mikono, ya mtu yuleyule ambaye mgonjwa huyu hawezi kulia mbele yake. Akitoka, mgonjwa atalia na hakuna wa kuvuta. Akibaki, atavuta na mgonjwa hatalia. Barazani, nyuma ya ukuta wa mbao, Karugendo alikuwa akiongea na wenzake habari za mawe, na kila neno lilisikika ndani. Kwa hiyo na la ndani lingesikika nje. Akilini aliwaona watoto wake wakichungulia kutoka jikoni. Aliviona viatu vyeupe.

Akasimama wima. Akaacha Kihaya, akaacha waitu, akaacha Mama. Alisema kwa Kiswahili cha darasani, kama aliyekuwa akisoma kibao kilichotundikwa kitandani:

"Alistidia Kokuberwa, unaumwa kiasi gani?"

Barazani maneno yalikatika. Ma Kokuberwa alifungua macho akamtazama. Tangu mumewe afe hapakuwa na mtu aliyemwita jina hilo lote, na kutoka kinywa hiki halikupaswa kutoka kamwe.

"Sana," alisema, jibu la vijana.

Kisha akalia. Kilitoka kilio kilichokuwa kimebanwa tangu mtoni, na huenda tangu zamani zaidi. Kilitoka chote, kikajaza chumba, kikapita kwenye nondo. Klaudia alivuta. Alihisi paja likilegea, na mfupa ukiteleza na kukaa. Alifunga mbao kilio hakijaisha. Kutoka kitanda cha pili, ndani ya usingizi wake wa dawa, Burhani alisema, "Pole, mama."

Philbert alirudi jioni na boksi chini ya turubai. Pethidini ilikuwamo. Ma Kokuberwa alichomwa, akalala. Mganga alichunguza mguu, akasema umevutwa vizuri, kisha akauliza swali lake la kila siku: alikuwa amefika wapi?

"Alifika mwisho," alisema Klaudia.

Philbert alingoja utani ufuate. Haukuja.

Ma Kokuberwa alilazwa wodini wiki nyingi, mguu umefungwa kamba yenye mfuko wa mawe unaoning'inia mwisho wa kitanda. Klaudia alipita kila siku. Hawakuzungumza zaidi ya mambo ya maji na chombo cha haja. Habari zilikuwa zimetangulia Izigo siku ileile: mke wa Privatus amemwita mama mkwe jina lake, lote, kama karani anayeita watu wa kodi, na kumliza mbele ya wanaume. Watu walimsalimia Klaudia njiani kwa ufupi. Ukoo ukampelekea Privatus ujumbe aje, na ikakubaliwa kwamba shauri lingengoja mgonjwa atoke hospitali.

Siku ya kikao Klaudia aliamka mapema, akawaogesha watoto, akafagia uani. Hakufunga mzigo. Aliosha viatu vyake vyeupe akaviweka karibu na mlango, ili baadaye asije akaonekana anavitafuta.

Walikaa nyumbani palepale, juu ya nyasi mpya, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, katikati. Mwenye kikao alikuwa Rugambwa, mdogo wa marehemu baba mkwe, mzee mpole asiyependa mambo kurefuka. Privatus alikaa karibu naye akitazama mikono yake. Karugendo aliitwa kwanza, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli alisema alichosikia, hakuongeza wala hakupunguza. Klaudia aliulizwa kama ni kweli. Akasema ni kweli. Alitaka kueleza habari ya msuli na pumzi, Rugambwa akanyanyua kiganja: hilo ni la hospitali, hapa tunauliza la nyumbani. Kisha akamgeukia shemeji yake, aliyekaa kwenye kiti kwa sababu ya mguu, magongo yameegemezwa ukutani, akamwomba aseme.

Ma Kokuberwa alimtazama Karugendo.

"Karugendo amesikia vizuri," alisema. "Jina langu lilitajwa. Aliyelitaja ni nesi. Mke wa Privatus siku ile hakuwapo."

Watu walitazamana. Rugambwa akacheka kidogo kwa kukosa la kufanya. "Shemeji, lakini si ni mtu yuleyule?"

"Wewe ulikuwapo?"

Hakuwapo. Hakuna aliyekuwapo ila wao wawili na kijana wa Bumbire aliyekuwa usingizini. Rugambwa alivuta kibuyu, akanywa, akampitishia Privatus, na shauri likaishia hapo. Baada ya siku chache Privatus alipanda meli kurudi Mwanza, amefurahi kwamba mambo yamekuwa mepesi.

Jioni ya kwanza baada ya kikao Klaudia alirudi kutoka kazini akitembea upesi. Alikuwa na maneno ya shukrani aliyoyapanga njia nzima. Alivua viatu, akapiga magoti, akaanza salamu. Ma Kokuberwa aliitikia neno la kwanza. Klaudia akaulizia nyumba. Hakujibiwa. Mama alikuwa akitazama migomba, mkono mmoja juu ya paja.

Ikawa hivyo kesho yake, na siku iliyofuata, na mwaka uliofuata. Mvua za vijiji zikapita, shule ikaezekwa, watoto wa Klaudia wakasoma ndani ya kuta za mawe yale, na salamu ya jioni haikuvuka tena neno la kwanza. Kwa kipimo cha Klaudia mwenyewe, huyu alikuwa mgonjwa wa kushughulikiwa papo hapo, kila jioni. Na huenda ndivyo alivyokuwa. Mfupa wa paja wa mtu mzima hauponi kama wa mtoto, na siku za baridi alichechemea sana. Au huenda lilikuwa lile jina. Mke wa Privatus hakuwapo siku ile, alisema mwenyewe mbele ya ukoo, na asiyekuwapo haulizwi habari za watoto.

Klaudia hana njia ya kujua. Swali la unaumwa kiasi gani ni la nesi, na nesi huuliza amesimama. Akisimama mlangoni pale atakuwa ametimiza yale aliyoonywa. Akipiga magoti ni mkwe, na mkwe hajibiwi. Hospitalini sasa hawapigii magoti wagonjwa, na kama anamfahamu mtu humfunua kwanza, humsalimia baadaye. Philbert ameacha kuuliza kafika wapi.

Kila jioni huleta vidonge viwili vya aspirini kwenye kisahani, na maji kwenye kikombe cha bati, huviweka karibu na kiti. Asubuhi nyingine vidonge huwa havipo. Asubuhi nyingine huvikuta kwenye shina la mgomba ulio karibu na mlango, vimeyeyuka kwa mvua, doa jeupe kwenye udongo. Naye, akishaviweka, hubaki pale chini kwenye nyasi. Watoto, ambao sasa ni wakubwa, humwambia kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa. Haendi. Salamu haijaachiwa, na mdogo hainuki kabla haijaachiwa.